Ardhi Inaposhindwa Mzigo: Habari za Mbuga ya Mwamapalala

Mhariri aliponiomba makala ya historia ya nyumbani, nadhani alitazamia habari za watemi, au za ngoma za Bagalu na Bagika, au za kuingia kwa pamba. Habari hizo wapo ndugu wanaozijua kuliko mimi, na baadhi yao ni wasomaji wa gazeti hili hili. Mimi nimechagua historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu alikikanyaga alipokuwa akienda shule peku, yaani udongo. Na hasa historia ya swali moja: kwa nini ardhi iliyobeba lori la pamba mwezi wa Agosti hulimeza lori lile lile mwezi wa Machi?

Swali hilo si la mchezo. Wengi wetu tumefikia umri wa kujenga nyumbani, na kila tunapokutana huombwa mchango wa darasa, bweni au zahanati. Fedha hutolewa, saruji hununuliwa, fundi husifiwa, na baada ya masika mawili matatu ukuta una ufa ambao kiganja chapita. Lawama zote humwendea fundi. Pengine anazistahili. Lakini mara nyingi kosa limekwisha kufanyika kabla ya tofali la kwanza, siku ile kamati iliposimama mahali ikasema, "Hapa panafaa, pana nafasi, tena ni karibu na barabara."

Mwamapalala leo imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Ndugu walioondoka zamani wataikumbuka kuwa ni Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, na baba zao waliijua kuwa ni Maswa tu. Mkoa wa Simiyu ulianza mwaka 2012. Mipaka ya serikali imehama mara tatu. Mpaka kati ya udongo wa juu na udongo wa chini haukuhama hata hatua moja, na huo ndio mpaka ninaotaka kuueleza.

Mtu akianza kilimani penye majabali ya matale, akashuka taratibu mpaka bondeni, hupita juu ya udongo wa namna mbalimbali kwa mfuatano ambao haubadiliki sana, awe Itilima, Ntuzu au Kanadi. Juu kabisa ni changarawe na udongo mwekundu. Chini yake ni mchanga mwepesi uitwao luseni, ambao jembe lauingia bila ugomvi na ambao wazee waliupenda kwa mihogo na karanga. Akishuka tena hukuta itogolo, udongo wa kijivu ambao chini yake pana tabaka gumu, au ibambasi, ambao ukikauka huwa kama sakafu. Mwisho kabisa, pale maji ya mvua yanapopumzika, ndipo penye mbuga yenyewe: udongo mweusi, mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi hata fimbo ya mchungaji huzama ndani ya ufa, na wakati wa mvua hunata kwenye nyayo mpaka mtu akawa mrefu kwa vidole vinne.

Wazee hawakuyapa madongo haya majina kwa ajili ya mapambo. Kila jina lilikuwa na amri ndani yake: hapa jenga, hapa lima mtama, hapa chunga ng'ombe wakati wa kiangazi, hapa chimba majaluba ya mpunga. Miji ya zamani ya Wasukuma ilikaa juu, kwenye mchanga na changarawe. Kule mbugani watu walishuka asubuhi kwa kazi na kupanda tena jioni. Sababu waliyoitoa ilikuwa rahisi: chini ni kwenye maji na mbu. Hata hivyo desturi ile ilikuwa pia elimu ya misingi ya nyumba, ingawa haikuandikwa kwenye kitabu chochote.

Kuandikwa kulikuja baadaye. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani katika milima ya Usambara, alifunga safari ndefu kupita sehemu nyingi za Tanganyika kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936, akitazama udongo. Aliona kwamba haina maana kuchora ramani ya udongo kana kwamba kila udongo unasimama peke yake. Udongo wa kilima, wa mteremko na wa bonde ni kama pete za mnyororo mmoja, na kila pete ipo pale ilipo kwa sababu maji yamekuwa yakiosha kutoka juu na kuweka chini kwa maelfu ya miaka. Akauita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Milne alifariki mwaka 1942, na habari za safari yake zilichapishwa mwaka 1947. Leo mwanafunzi wa udongo popote duniani, awe Brazil au China, hufundishwa neno katena, na neno hilo lilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Nchi zilizo kusini mwa Ziwa Victoria zilikuwa miongoni mwa zile zilizompa mifano.

Lakini Milne alishughulika na kilimo. Alieleza udongo upo wapi na kwa nini. Hakueleza utabeba kiasi gani. Kwa swali hilo hatuna budi kuondoka nyumbani kidogo na kurudi nyuma zaidi, mpaka karne ya 18, katika kisiwa kingine cha joto na mvua.

Ndugu waliosoma fizikia watalikumbuka jina la Coulomb kwa ajili ya umeme. Wachache walielezwa kwamba kabla ya umeme Charles-Augustin Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na kwamba mwaka 1764 alipelekwa kisiwa cha Martinique, katika bahari ya Karibi, kujenga ngome. Alikaa huko miaka minane hivi, akaugua sana, na akajifunza kwa shida jinsi kuta zinazozuia udongo zinavyosukumwa na kuanguka. Aliporudi kwao aliandika aliyoyaona, akayasoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1773. Yakachapwa mwaka 1776. Mpaka leo wahandisi hawajaliacha wazo lake.

Wazo lenyewe ni hili. Ardhi haishindwi kwa kupondwa. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko tofali, na lori la tani kumi haliipondi. Ardhi hushindwa kwa kuteleza: pande moja la udongo huteleza juu ya pande jingine, kama karata zinavyoteleza mezani. Msingi ukizidiwa, udongo ulio chini yake husukumwa chini, kisha pembeni, kisha juu. Mtazame gari likizama: kando ya gurudumu matope hufura na kuinuka. Yale matope yaliyoinuka ndiyo yaliyokuwa chini ya gurudumu. Hayakupondwa, yamekimbia.

Basi nguvu ya udongo ni ule uwezo wake wa kukataa kuteleza, na Coulomb alisema uwezo huo una mafungu mawili. La kwanza ni msuguano wa punje kwa punje. Huo huongezeka kadiri punje zinavyobanwa pamoja: mzigo ukiwa mzito, msuguano nao huwa mkubwa. La pili ni mshikamano, yaani ile gundi ya mfinyanzi ambayo ipo hata bila mzigo. Mchanga mkavu una fungu la kwanza tu. Ndiyo maana rundo la mchanga halisimami wima, bali hulala katika mteremko wa digrii 30 au zaidi kidogo, sawa na rundo la mtama kwenye uwanja wa kupuria. Mfinyanzi una fungu la pili kwa wingi, ndiyo maana mfinyanzi wa chungu aweza kusimamisha ukuta mwembamba kwa mikono yake.

Kufikia hapo mtu angesema udongo wa mbuga ni bora kuliko luseni, maana mfinyanzi umejaa. Tena mwezi wa Agosti anayesema hivyo ataonekana ana haki, kwa kuwa mbuga kavu huvunja jembe. Kosa la hesabu hiyo halikuelezwa kwa ukamilifu mpaka karne ya 20, na aliyelieleza ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, aliyefundisha uhandisi mjini Istanbul wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, akifanya majaribio kwa vyombo alivyovibuni mwenyewe. Kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1925, na hapo ndipo elimu ya udongo kama elimu ya wahandisi ilipopata miguu.

Terzaghi aliona kwamba Coulomb alikuwa amemsahau mtu wa tatu, yaani maji. Kati ya punje na punje pana nafasi, na nafasi hizo zikijaa maji, mzigo unaowekwa juu hubebwa na wawili: sehemu na punje, sehemu na maji. Sasa maji yana tabia moja mbaya. Hayana msuguano. Mzigo ulioshikwa na maji haubani punje, na punje zisizobanwa huteleza. Mchanga ukishtukizwa na mzigo huyatoa maji yake mara moja, kwa sababu nafasi zake ni kubwa, na mzigo huhamia kwenye punje. Mfinyanzi hauwezi. Nafasi zake ni ndogo mno, maji hutoka kwa miezi na miaka. Kwa hiyo lori linaposimama juu ya mbuga iliyolowa, karibu uzito wote ulioongezeka umeshikwa na maji, na nguvu iliyobaki ni ule mshikamano tu, ambao nao umelegezwa na maji hayo hayo. Udongo ulikuwa mgumu Agosti kwa nguvu ya kuazima: maji machache yaliyobaki ndani yake yalikuwa yakizivuta punje pamoja, kama karatasi mbili zenye unyevu zinavyogandana. Mvua inapokuja, mkopo hudaiwa wote kwa siku moja.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo hata mafundi wazuri huyachanganya. Mbuga ina makosa mawili, si moja. Kosa la kwanza ni hilo la kupoteza nguvu, na linawapata wazito: malori, matangi ya maji, maghala, matuta ya barabara. Kosa la pili ni kuvimba na kusinyaa. Mfinyanzi wa mbuga ni wa jamii ambayo wataalamu huiita smektaiti. Chembe zake ni kama kurasa za kitabu, na maji huingia kati ya kurasa na kuzitenganisha. Ardhi nzima huinuka. Kiangazi hurudi chini, lakini haishuki sawasawa, kwa kuwa chini ya sakafu ya nyumba unyevu hubaki wakati nje kumekauka. Kosa hili la pili huwapata wepesi. Ghorofa zito huweza kuikandamiza ardhi isiinuke. Darasa la matofali lenye paa la bati haliwezi. Huinuliwa pembe moja, huachwa pembe nyingine, na ufa hupanda kutoka kona ya dirisha kwenda juu kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali.

Nyumba ya babu zetu ya fito na udongo ilivumilia. Ilipindapinda, ikakandikwa upya, ikaendelea. Tofali la kuchoma na saruji havijui kupinda. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo wengine, kwamba ardhi imeharibika siku hizi. Tumejenga vigumu zaidi juu ya ardhi ile ile, na tumeshuka chini zaidi kwenye mteremko.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini. Karibu na mji wa Winnipeg nchini Kanada, mahali paitwapo Transcona, kampuni ya reli ilijenga ghala kubwa la ngano juu ya mfinyanzi uliokuwa zamani sana sakafu ya ziwa. Mwezi wa Septemba 1913 walianza kulijaza. Tarehe 18 Oktoba, likiwa na ngano ipatayo busheli 875,000, lilianza kuzama, na katika muda wa siku moja jengo zima lililala upande wa magharibi kwa digrii karibu 27. Halikuvunjika. Lilikuwa zege imara, limelala kama ng'ombe aliyechoka, na upande mmoja ardhi imefura juu, kama nilivyoeleza habari ya gurudumu. Baadaye lilisimamishwa tena juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba, nalo likatumika kwa miaka mingi.

Kilichonivutia katika habari ya Transcona ni kwamba wajenzi walikuwa wamejaribu ardhi kabla. Walijaribu juu, kwa eneo dogo, na juu palikuwa pagumu. Mwaka 1951 ndipo Ralph Peck na mwenzake Bryant walipotoboa ardhi ile mpaka chini na kukuta kwamba mfinyanzi wa chini ulikuwa laini kuliko wa juu. Mzigo mwembamba hauhisiwi mbali, lakini mzigo mpana hufika chini sana. Mtu akipigapiga kisigino juu ya gamba la mbuga mwezi wa Agosti na kusema "pagumu hapa," amefanya jaribio la Transcona.

Wala isidhaniwe kwamba kila mfinyanzi ni adui. Jirani zetu wa Kenya wana mfano ambao umeingia katika vitabu vya dunia. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua, upande wa Kinangop katika milima ya Aberdare, ili kuupa maji mji wa Nairobi. Udongo uliokuwapo wa kujengea tuta ulikuwa mwekundu, na vipimo vya kawaida vilionyesha wingi wa mfinyanzi uliowatia hofu wahandisi. Terzaghi yule yule, sasa mzee, aliombwa shauri. Ilionekana kwamba chembe za mfinyanzi ule zimejikusanya na kugandana katika vijidonge vidogo vigumu, hivyo udongo wote ulifanya kazi kama kitu cha punje punje: mwepesi, lakini wenye msuguano mzuri. Bwawa likajengwa, na Terzaghi akaandika habari zake mwaka 1958. Mkulima wa Kinangop na mkulima wa Itilima wote wana mfinyanzi. Mmoja aweza kuujengea bwawa bila wasiwasi, mwingine hawezi kuujengea jiko. Tofauti ni namna ya chembe, na zaidi ni kile ambacho maji huzifanyia chembe hizo.

Milimani maji yale yale hufanya kazi hiyo bila msaada wa lori. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta kwenye milima ya Uluguru, mvua ya milimeta 100 hivi ilinyesha kwa muda wa saa tatu, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba, majani na ardhi iliyopumzishwa. Kwenye msitu yalikuwa machache mno. Mizizi ni mshikamano wa bure. Na tarehe 3 Desemba 2023 sote tulisikia habari za mlima Hanang, ambako matope na mawe yaliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Pale mzigo ulikuwa ni udongo wenyewe.

Nirudi Usukumani. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo wa Sukumaland mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya, kazi mojawapo ilikuwa kujenga malambo ya kunyweshea mifugo. Hapo udongo mweusi ulipata heshima yake, kwa sababu lambo lililochimbwa ndani ya mbuga halivuji. Uvimbe wake huziba kila tundu. Tatizo ni tuta. Tuta la udongo huo likijengwa wima mno, kiangazi hupasuka, mvua za kwanza huingia kwenye nyufa, na ubavu mzima hukaa chini kama mzee anayetafuta kigoda. Dawa ni kulilaza tuta, yaani kulipa mteremko mpole, na kulifunika kwa changarawe. Ni kazi kubwa zaidi kwa koleo, na ndiyo sababu ilikuwa ikikwepwa.

Pamba nayo ilileta uzito ambao mbuga haikuwahi kuubeba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na kupita Malampaka, kando ya Maswa. Kuifikia reli hiyo au viwanda vya kuchambulia, pamba ilipaswa kuvuka bonde baada ya bonde. Mavuno yalikuwa wakati wa kiangazi, na hilo lilikuwa bahati. Lakini msimu ukichelewa, na ununuzi ukisogea hadi mvua za vuli, kila bonde lilikuwa kituo. Ndugu mwenye umri wangu hahitaji kuelezwa kelele za utingo, majani na magogo chini ya matairi, na dereva anayezidisha moto akizidi kuzama. Kuzidisha moto kulikuwa kosa: gurudumu linalozunguka mahali pamoja huukoroga mfinyanzi, na mfinyanzi uliokorogwa hupoteza hata ule mshikamano kidogo uliobaki.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi iwe imekwisha kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 Operesheni ilipita kwetu. Sina nia ya kufungua tena mjadala wa siasa ya vijiji. Shule, visima na zahanati vilipatikana kwa njia hiyo, na wasomaji wengi wa gazeti hili wasingesoma kama si vijiji. Nasema habari ya udongo tu. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye migongo ya luseni zilipangwa kwa mstari, aghalabu kando ya barabara, na haraka ile haikuacha nafasi ya kumwuliza mzee jina la udongo. Kisha Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi mahali kijiji kilipokuwa. Miaka thelathini baadaye shule za sekondari za kata zilifuata njia hiyo hiyo. Kila awamu ilikuwa na sababu njema na muda mfupi. Na kila awamu mteremko ulizidi kushukwa, maana viwanja vya juu vilikwisha kuwa na wenyewe.

Barabara zimepata bahati kuliko madarasa, kwa sababu zina vitabu vya amri. Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 huigawa ardhi ya asili katika madaraja kwa kipimo kilichoanzia jimbo la California, Marekani: nondo nene ya chuma husukumwa ndani ya udongo ulioshindiliwa, na nguvu iliyohitajika hulinganishwa na ile ya mawe yaliyosagwa, ambayo ni 100. Udongo hulowekwa kwanza kwa siku nne. Madaraja yenyewe ni 15, 7 na 3, na lengo ni kuiinua ardhi dhaifu mpaka 15 kabla ya kuweka tabaka za barabara. Mbuga yetu ikilowekwa mara nyingi haifikishi hata 3. Ndugu waliosafiri kati ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi na Lamadi wakati lami ilipokuwa ikiwekwa waliona malori yakibeba udongo mweusi kwenda kuutupa na kurudi na moramu, wakashangaa upotevu wa mafuta. Haukuwa upotevu. Kilomita 171.8 za barabara ile zinabebwa na kile kilichowekwa chini ya lami.

Darasa halina mwongozo wa namna hiyo mkononi mwa kamati ya kijiji, wala halina maabara. Lakini kinachohitajika si kingi. Naliweka hapa mbele ya ndugu wa kamati yetu ya michango, kwa kuwa imetajwa kwamba mkutano ujao utajadili jengo. Kabla ya kupima kiwanja, zichimbwe shimo tatu za kimo cha mtu au zaidi, pembe mbili na katikati. Zichimbwe kiangazi, maana wakati wa mvua kuta za shimo la mbugani hujifunga juu ya mchimbaji, na watu wamekufa kwa visima na vyoo vya namna hiyo. Ikiwa udongo mweusi unaishia kwenye changarawe au tabaka gumu la kufikika, msingi ufike huko, na uso wa kati utolewe. Ikiwa hauishi, basi jengo lipande mteremko, hata kama watoto watatembea hatua mia tatu zaidi kutoka barabarani. Palipo na ulazima wa kubaki, uwekwe mkanda wa zege wenye nondo chini na juu ya kuta, zege la kuzunguka nyumba lenye upana wa kuyapeleka maji ya paa mbali, na miti isipandwe karibu na ukuta, kwa sababu mizizi hukausha upande mmoja na kuuacha mwingine.

Vipande vya udongo kutoka kila shimo vitiwe kwenye bilauri ya maji na kuachwa usiku kucha. Kile cha luseni kitamomonyoka na kulala chini kama mchanga. Cha mbuga kitavimba, kitanyonyoka ngozi kwa ngozi, na asubuhi maji yatakuwa bado meusi. Kisha aitwe mzee mmoja aliyezaliwa pale kabla ya 1974, aoneshwe mashimo yote matatu, aulizwe majina.